Kazi kwanza, simu baadaye: Mwongozo wa kununua simu janja kwa wakazi wa Timau

Ukishuka matatu Timau mjini, kando ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, hutembei mbali kabla ya kukutana na bango la kuuza simu. Juu kuna picha ya simu inayong'aa. Chini yake, kwa maandishi makubwa, kuna kiasi kidogo cha pesa unachotakiwa kuweka ili uondoke nayo siku hiyo. Jumla utakayokuwa umelipa mwisho wa safari, na kitakachotokea ukikosa malipo, hayo huandikwa kwa herufi ndogo, kama yameandikwa.

Simu janja si ununuzi mdogo. Ni pesa ambazo zingekuwa mbegu ya viazi, karo ya muhula au mabati ya kumalizia nyumba. Hata hivyo, ni chombo ambacho wengi sasa hawawezi kufanya kazi bila hicho. Kwa sababu hiyo tumeandaa mwongozo huu. Serikali ya kaunti haiuzi simu wala haipendekezi duka lolote. Tunachotaka ni mwananchi aingie dukani akijua anachotafuta, na atoke bila deni ambalo hakulitarajia.

Ujumbe wetu ni mmoja: anza na kazi unayotaka simu ikufanyie, kisha piga hesabu ya bei kamili. Rangi, jina na idadi ya kamera vije baadaye.

Je, unahitaji simu janja?

Swali hili linaweza kukushangaza, lakini ndilo la kwanza. Huduma nyingi muhimu bado zinapatikana kwa kabambe ya vibonye, bila intaneti. M-Pesa hufunguka kwa *334#. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hufanyika kwa *147#. Hazina ya Hustler hupatikana kwa *254#. Ujumbe mfupi kuhusu mbolea ya ruzuku hufika kwenye simu ya aina yoyote.

Basi ikiwa mama yako anaishi Ntumburi na kazi yake kwa simu ni kupiga, kupokea na kutoa pesa, kabambe yenye betri inayokaa siku kadhaa inaweza kumfaa kuliko simu janja inayotaka chaji kila jioni. Usimnunulie simu kubwa kwa sababu tu majirani wamenunua.

Simu janja inahitajika pale kazi inapodai picha, fomu au kusoma maandishi marefu: kuomba stakabadhi kupitia eCitizen, kutuma maombi ya chuo, kufuatilia kazi ya shule ya mtoto, kutangaza mazao kwa WhatsApp, au kumwona kwa video jamaa aliye mbali. Ikiwa kazi hizo ni zako kila wiki, endelea kusoma.

Andika kazi zako kwenye karatasi

Kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu ambayo simu hiyo ni lazima iyafanye. Hebu tuangalie mifano ya watu wanaopatikana hapa kwetu.

Mkulima wa viazi wa Kisima anataka kujua bei kabla dalali hajafika shambani. Wizara ya Kilimo huchapisha bei za masoko kupitia mfumo wa KAMIS, ambao hufunguka kwa intaneti. Pia anataka kumpigia picha afisa wa kilimo jani lenye dalili za baka ili apate ushauri mapema. Huyu anahitaji mtandao wa 4G unaoshika shambani na kamera moja inayoweza kuona kitu kidogo kwa karibu. Kamera nne hazimsaidii ikiwa zote hutoa picha yenye ukungu.

Mfanyakazi wa shamba la maua anatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Familia yake huenda iko kaunti nyingine. Yeye anahitaji betri inayomaliza siku, na spika na kamera ya mbele nzuri kwa mazungumzo ya video. Mchezo wa kompyuta na kioo kikubwa mno si mahitaji yake.

Mhudumu wa bodaboda hutazama simu juani, huku akiwa amesimama kando ya barabara. Kwake kioo chenye mwangaza mkali, ramani inayofanya kazi na simu isiyosumbuliwa na vumbi ni mambo ya kwanza.

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne atajaza fomu za chuo na za mkopo wa HELB, na atasoma nakala za masomo kwa saa nyingi. Apewe kioo kikubwa na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi kazi zake. Simu ya bei ya wastani yenye sifa hizo mbili itamfaa kuliko ya bei ghali yenye sifa nyingine.

Ukienda na karatasi yako, muuzaji atakuonyesha simu zinazolingana nayo. Ukienda mikono mitupu, atakuonyesha zile anazotaka kuziondoa dukani.

Kusoma maandishi ya kwenye boksi

Boksi la simu limejaa tarakimu. Tano kati yake ndizo za kuzingatia.

*RAM.* Hii ni kumbukumbu ambayo simu hutumia wakati inafanya kazi. Ifananishe na ukubwa wa meza: meza ndogo hujaa haraka, na kazi husimama. Simu yenye RAM ya GB 2 itafungua WhatsApp na eCitizen, lakini itachoka ukifungua mambo mengi pamoja. GB 4 inawatosha watu wengi. Kuwa mwangalifu na maandishi kama "GB 8 (4+4)". Hapo RAM halisi ni GB 4. Nne nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, na kasi yake ni ndogo zaidi.

*Hifadhi.* Hii ni ghala la picha, video na programu. Kumbuka kwamba mfumo wa simu wenyewe hula sehemu kubwa ya ghala hilo kabla hujaweka picha hata moja. GB 32 hujaa upesi kwa mtu wa makundi mengi ya WhatsApp. GB 64 ni nafuu zaidi, na GB 128 ni bora ukiweza. Angalia pia kama simu ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu.

*Betri.* Tarakimu yake hufuatwa na herufi mAh. Simu nyingi za sasa huwa na betri ya karibu mAh 5,000, na hiyo kwa matumizi ya kawaida humaliza siku. Ikiwa unalipa dukani kuchaji, au unategemea sola, usishuke sana chini ya hapo.

*Toleo la Android.* Simu ya zamani inaweza kuonekana mpya kwa nje huku ndani yake ikiwa imeachwa nyuma. Januari 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4 na zilizotangulia. Waliokuwa nazo walijikuta na kamera na saa tu. Muulize muuzaji ni toleo gani, na simu hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Akishindwa kujibu, tafuta jina la simu hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza.

*Mtandao.* Hakikisha simu ni ya 4G. Zingatia pia masafa. Mitandao yetu hutumia masafa kadhaa kwa 4G, yakiwemo ya megahatzi 800 na 1800. Masafa ya chini kama 800 husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, jambo linalowafaa watu wa mashambani. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina masafa hayo, na ndiyo sababu simu ya kifahari iliyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo inaweza kushindwa kushika mtandao bondeni pale ambapo simu ya bei ndogo inashika.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio lisilo na gharama. Azima kwa dakika chache simu ya 4G ya jirani, tia laini yako, kisha utembee nayo nyumbani, jikoni na shambani. Utajua kama mtandao wako unafika. Mteremko mmoja wa Mlima Kenya unaweza kukata mawimbi kabisa, na simu ya bei yoyote haiwezi kuleta mtandao mahali ambapo hakuna.

Jambo jingine la hapa kwetu ni baridi. Betri za simu hupunguza nguvu kwa muda zikipata baridi kali, ndiyo maana asubuhi ya Julai simu inaweza kuonyesha chaji kidogo au kuzima ghafla. Mara nyingi haijaharibika. Iweke mfuko wa ndani wa koti, na ukiingia nyumbani kutoka kwenye baridi uiache ipate joto la kawaida kabla ya kuichaji. Usiikaushe wala kuipasha moto jikoni.

Piga hesabu ya bei kamili

Hapa ndipo wengi huumia. Simu ya kulipia kidogo kidogo imewasaidia watu wengi kupata chombo cha kazi, na hatusemi ni mbaya. Tunasema ujue bei yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Duka linauza simu kwa Sh14,000 taslimu. Kwa mkopo, unaweka Sh2,500 kwanza, kisha unalipa Sh60 kila siku kwa siku 365. Sh60 inaonekana kama bei ya chai na mandazi. Lakini Sh60 mara 365 ni Sh21,900. Ongeza zile Sh2,500 za mwanzo, jumla ni Sh24,400. Umelipa Sh10,400 zaidi ya bei ya taslimu. Ikiwa gunia la kilo 50 la viazi linauzwa shambani kwa Sh2,000, umetoa magunia matano kwa ajili ya kuchelewa kulipa.

Sasa geuza hesabu. Ukiwa na zile Sh2,500 na ukaweka Sh60 kila siku kwenye akiba yako, utafikisha Sh14,000 kwa siku 192, yaani miezi sita na siku chache. Baada ya hapo simu ni yako, hakuna anayekudai, na zile siku 173 zilizobaki pesa zako zinaendelea kukaa mfukoni mwako.

Na kama huwezi kusubiri miezi sita kwa sababu simu ndiyo itakayokuletea kipato, uliza kwanza kwenye chama au sacco yako. Mkopo wa Sh11,500 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayohesabiwa kwa salio linalopungua na kulipwa kwa miezi 12 kwa mafungu sawa ya mkopo, una riba ya karibu Sh750 kwa jumla. Linganisha Sh750 na Sh10,400.

Kuna pia ulinganifu wa mapato na malipo. Mtu wa mshahara au wa bodaboda hupata pesa mara kwa mara, kwa hiyo malipo ya kila siku anaweza kuyamudu. Mkulima wa ngano au viazi hupata pesa akivuna. Malipo ya kila siku humkuta miezi ambayo mfuko ni mtupu, na simu hufungwa kwa mbali wakati ule ule anapomtafuta mnunuzi.

Ukiamua kuchukua simu kwa mkopo, uliza maswali haya na usitie sahihi wala kubonyeza kukubali kabla ya kujibiwa:

- Jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi?
- Nikikosa siku moja, simu itafungwa saa ngapi? Ikifungwa, naweza bado kupiga simu na kutumia M-Pesa?
- Nikichelewa, kuna faini? Jina langu litapelekwa kwa shirika la kukusanya taarifa za mikopo?
- Nikipata pesa mapema na kumaliza deni, nitapunguziwa?
- Simu ikiibwa au kuharibika, nani anaendelea kulipa?
- Nikirudisha simu, nitapata nini kati ya nilichokwisha kulipa?
- Programu iliyowekwa kwenye simu inasoma taarifa gani zangu?

Usisahau gharama ndogo zinazofuata: kava, kinga ya kioo, na bando la kila wiki. Simu janja isiyo na bando ni kabambe ya bei ghali.

Ili upate kipimo cha bei, kumbuka kwamba kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipozinduliwa Oktoba 30, 2023, simu zake za 4G zilitangazwa kwa Sh7,499 kwa Neon Smarta na Sh8,999 kwa Neon Ultra. Hizo ni simu za kazi nyepesi, na bei hubadilika, lakini zinaonyesha kwamba si lazima kutumia Sh20,000 ili kuingia kwenye 4G.

Bandia, ya wizi na ya mkono wa pili

Wakenya wengi wanakumbuka Oktoba 2012, wakati karibu simu milioni 1.9 zilizimwa kwenye mitandao kwa kuwa bandia. Wenye simu hizo walikuwa wamelipa pesa halali kwa kitu ambacho siku moja kiliacha kufanya kazi.

Kila simu halali ina nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# na itatokea kwenye kioo. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha mwambie muuzaji aiandike kwenye risiti. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Zikitofautiana na za boksi, rudisha simu hapo hapo.

Kuna sababu nyingine ya kuzingatia IMEI. Mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2025 simu zinazoingizwa au kuunganishwa nchini ziwe zimesajiliwa IMEI zake na kuthibitishwa kuwa zimelipiwa ushuru kwa KRA. Simu zilizokuwa tayari kwenye mitandao ya nchi kufikia Oktoba 31, 2024 hazikuguswa na agizo hilo. Simu "mpya" ya bei ya kutupa isiyo na risiti inaweza kuwa na bei hiyo kwa sababu haikulipiwa ushuru.

Ujanja mwingine ni wa hifadhi. Simu imeandikwa GB 256 na mipangilio yake inasema hivyo, lakini ndani ni GB 8. Utagundua baada ya wiki mbili picha zinapoanza kupotea. Bei ikiwa ya chini mno kuliko simu nyingine zenye tarakimu kama hizo, usiharakishe kufurahi.

Simu ya mkono wa pili inaweza kuwa chaguo zuri. Ikague hivi: piga na upokee, piga picha mbele na nyuma, chomeka chaja, gusa kila pembe ya kioo, na itumie nusu saa uone betri inavyoshuka. Kisha mwambie mwenyewe aondoe akaunti yake ya Google na kurudisha simu kwenye hali ya mwanzo mbele yako. Akikataa, au asipokumbuka nywila, iache. Huenda si yake.

Hili si jambo dogo. Chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, mtu anayepokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Nunua kutoka kwa mtu unayeweza kumpata tena, na mwandikiane: majina, nambari za vitambulisho, IMEI, tarehe na kiasi. Malipo kwa M-Pesa huacha ushahidi ambao noti haziachi.

Siku ya kwanza na simu yako

Ukifika nyumbani, usianze na picha. Weka kwanza nambari ya siri ya kufungua simu, na nyingine tofauti kwa laini yako. Ingia kwenye akaunti yako ya Google na uhakikishe huduma ya kutafuta simu iliyopotea imewashwa. Andika IMEI kwenye daftari linalobaki nyumbani. Ukiibiwa, utaihitaji kituoni kupata abstrakti ya polisi.

Usimwachie fundi au muuzaji akufungulie akaunti kwa nywila anayoijua yeye. Ikiwa huna uhakika, kaa naye lakini andika nywila mwenyewe. Nambari ya siri ya M-Pesa usimtajie mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa anapiga kutoka kampuni ya simu au ofisi ya serikali.

Kwa wazee na wenye shida ya kuona, ingia kwenye mipangilio uongeze ukubwa wa maandishi. Android pia hutumika kwa Kiswahili, na ina uwezo wa kusoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Mengi yanayoitwa uzee wa kutojua simu ni maandishi madogo tu.

Ukiuziwa kitu kibovu

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuihusu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 imeifafanua haki hiyo. Kwa hiyo anza kwa kurudi dukani na risiti na boksi, mapema iwezekanavyo, na ueleze tatizo kwa utulivu.

Usiposikizwa, kuna njia. Usimamizi wa biashara za haki ni kazi iliyogatuliwa chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo unaweza kufika kwa maafisa wa biashara wa kaunti. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hushughulikia matangazo ya uongo kuhusu bidhaa. Taarifa zako za kibinafsi zikitumiwa vibaya, kwa mfano jamaa zako wakipigiwa simu kuhusu deni lako, peleka lalama kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni; si lazima uwe na wakili.

Milango hiyo yote itakuuliza jambo moja: risiti iko wapi? Kwa hiyo usiondoke dukani bila hiyo, hata kama muuzaji ni mtu mnayesali pamoja.

Wiki hii, ikiwa unafikiria kununua simu, fanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Andika kazi zako tatu. Jaribu mtandao nyumbani kwako. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku. Kama baada ya hesabu hiyo bado unaitaka simu hiyo, inunue na uitumie kwa amani.